Pleti ya Milimita 3

Mkoa wa Songwe una barabara za kila tabia. Nyanda za Mbozi ni udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa, unaoteleza mvua ikinyesha. Ileje ni miteremko na mawe. Ukishuka Kamsamba, bondeni karibu na Ziwa Rukwa, unakutana na tope jeusi linalonasa hata trekta, na njia za machimbo upande wa Mkwajuni na Saza zina mawe ya kwatzi yenye ncha. Gari dogo kama Suzuki Jimny linapita kote huko, ila chini ya injini yake kuna bakuli la oili, sampo, ambalo jiwe moja likilitoboa, oili inamwagika na injini inanoki kabla dereva hajaelewa taa nyekundu inamwambia nini.

Kwa hiyo mafundi wa kuchomelea hutengeneza kinga ya sampo, na kazi hiyo inastahili kutazamwa taratibu. Mpita njia huona bati limefungwa kwa bolti. Ugumu wake uko kwenye kuchagua.

Jimny ina uzito wa tani moja hivi. Pleti ya chuma ya milimita 3, yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, ina karibu kilo 24. Ukizitundika zote mbele, springi zinalala na usukani unakuwa mzito. Wenye magari wengi hapo hukimbilia alumini, kwa sababu kwa unene uleule ina kilo 8 tu. Lakini alumini hupinda kirahisi karibu mara tatu kuliko chuma. Ili ikaze sawasawa na chuma cha milimita 3, inabidi iwe na unene wa zaidi kidogo ya milimita 4, na hapo uzito wake unafika kilo 11 na ushee. Bado ni nusu ya chuma. Kwenye mizani alumini imeshinda, na fundi mkweli anakubali hivyo.

Jiwe halisomi mizani. Chuma kikigusa kwatzi hukwaruzika na kuteleza, gari likapita. Alumini ni laini: ncha ya jiwe inazama ndani yake, inashika, na gari linakwama likiwa limening'inia. Halafu kuna suala la matengenezo. Alumini haiungwi vizuri kwa mashine ya kawaida ya rodi. Inataka mashine yake na gesi ya agoni, na aina nyingi ngumu za alumini hupoteza nguvu pale zilipochomelewa. Tena chuma kikipata moto huwa chekundu, kikakuonyesha kimefika wapi. Alumini haibadilishi rangi. Kwenye nyuzi 660 hivi inadondoka tu. Pleti ya chuma iliyopindia Kamsamba hunyooshwa palepale Kamsamba kwa nyundo na gogo. Kwangu mimi hoja hiyo inazidi kilo 12 zote.

Plastiki nzito ya polithini nayo huteleza juu ya mawe kuliko zote, na haiachi bonde ikigongwa. Ila hulainika kwa joto, na ekzosi iko jirani mno.

Wapo wanaodhani chuma kigumu zaidi ndicho bora, wakaleta kile cha majani ya springi. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza, hupata ufa pembeni mwa mshono. Chuma laini, chenye kaboni chini ya asilimia 0.25, hupinda, na katika kupinda kinameza nguvu ya pigo ambayo ingeishia kwenye chesisi. Mkoa huu umezijua tabia za chuma zamani: Wanyiha walikiyeyusha wenyewe kwenye tanuri na kufua majembe, miaka mingi kabla lori la kwanza halijapita Tunduma.

Chuma kikishachaguliwa, ndipo ustadi unapoonekana. Ukizidisha unene mara mbili, ukaidi wa pleti dhidi ya kupinda huongezeka mara 8, lakini uzito nao unakuwa maradufu. Fundi hodari anaupata ukaidi huo kwa kukunja kingo, bila kuongeza hata kilo moja. Analala chini ya gari na kipande cha katoni, anachora kwa chaki, anakata katoni mpaka ikae, ndipo grenda inaguswa. Ukingo wa mbele anaukunja kuelekea juu, na wa nyuma pia, gari lisijichome kwenye jiwe likirudi kinyumenyume. Kati ya pleti na sampo anaacha nafasi ya vidole viwili, maana pleti lazima ipate pa kupindia. Vichwa vya bolti anavizamisha visikatwe na mawe. Tundu la kumwagia oili halisahau, wala matundu ya hewa na ya kutolea tope. Nyasi kavu zikijazana juu ya pleti karibu na ekzosi, zinaweza kuwaka. Hachomelei chochote kwenye chesisi. Pleti hufungwa kwa bolti, na raba ya tairi kuukuu huwekwa katikati isigonge.

Baada ya safari za kwanza gari hurudi. Bolti zinakazwa upya, pleti inafunguliwa na kuoshwa, kisha fundi anaipindua kwenye mwanga na kuangalia mikwaruzo. Pale ilipojazana anachomelea kipande cha flatibari, kikielekea mbele na nyuma kufuata mwendo wa gari, na kwingine kote haongezi kitu.