Mawe Yasiyoshikwa na Saruji

Kuta za Thimlich Ohinga, kule Nyatike katika Kaunti ya Migori, hazina saruji wala tope la kushikanisha. Mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa jinsi yalivyo, yakapangwa, na tangu karne ya 16 hivi yangali wima juu ya kilima, kwingine yakifika mita 4.5.

Mwashi asiyechonga hana budi kulisoma jiwe. Analigeuza aone upande upi ulale, upi utazame nje, na jirani yake atalibana wapi. Penye ufa utaona jinsi walivyofanya: mawe makubwa upande wa nje, makubwa upande wa ndani, na katikati vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa. Mgeni hupiga picha yale makubwa. Mimi navistahi zaidi vile vidogo, maana ndivyo vinavyojaza mianya na kuyazuia makubwa yasicheze, na aliyevipanga alijua hakuna atakayeviona. Kuta zenyewe hazikunyooka. Zimejipinda kuzunguka boma, na mpindo huo huziongezea uthabiti.

Milango ni myembamba na mifupi, juu yake limelazwa jiwe refu la linta. Kuingia lazima uiname. Adui mwenye mkuki aliingia kwa kutanguliza kichwa, huku mlinzi akimsubiri.

Jamii mbalimbali zilikaa humo kwa zamu, Wajaluo wakiwamo. Hao wanaye Luanda Magere, shujaa wa masimulizi aliyekuwa na mwili wa jiwe: mikuki haikumwingia mpaka mkewe, binti wa maadui, alipogundua kwamba uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Kila nikitazama ukuta huu humkumbuka. Nao haukuogopa mkuki. Kinachouumiza ni mzizi wa mti ulioota kati ya vijiwe, ukanenepa polepole hadi jiwe moja likatoka mahali pake na mengine yakalifuata.

Tangu 2018 Thimlich Ohinga imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini heshima hiyo haipandishi jiwe lililoanguka. Kulirudisha kunataka mtu anayejua kazi ileile ya kale, na asishawishike kumwaga saruji ili amalize upesi. Katika ukuta mkavu maji ya mvua hupenya na kwenda zake. Ukiziba mianya, yatajikusanya ndani na kuusukuma.