Pongezi kwa Wanaokunjua Magoti
Kwa mgonjwa wa himofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, damu inayovujia gotini mara kwa mara hula gegedu hadi kiungo kikakamaa. Kwa mkazi wa Kipevu, Mombasa, mwenye goti la namna hiyo, hata kupanda matatu ya kuvuka Makupa kwenda kisiwani ni mateso. Daktari wa mifupa humwekea goti bandia, lakini sifa kubwa nawapa wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia. Muuguzi humdunga fakta ya kugandisha damu kabla ya upasuaji na siku nyingi baadaye. Mtaalamu hulikunja goti kidogo kidogo kila siku, maana misuli iliyofupika kwa miaka hairefuki kwa kisu pekee. Wapo wasemao fakta hiyo, dawa ghali ambayo Shirikisho la Himofilia Duniani husaidia kuifikisha kwetu, iwekwe kwa ajili ya watoto. Hoja nzito. Lakini goti lililobadilishwa kwa kawaida hupunguza kuvuja, na dawa ikabaki kwa wengine.