Kupima Mafuta ya Baharini kwa Macho

Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Zambia, malori ya mafuta hupita mchana na usiku. Mvua ikishanyesha, inama kwenye dimbwi lililodondokewa na dizeli: zambarau, kijani, dhahabu. Tone moja tu, na dimbwi zima limevaa kanga.

Siku hizi dimbwi la namna hiyo silipiti bila kusimama, kwa kuwa wapimaji wa mafuta yaliyomwagika baharini huanzia hapo hapo, kwenye rangi. Marubani wa Mkataba wa Bonn, wanaolinda Bahari ya Kaskazini, wameipanga ngazi yake. Utando wenye rangi ya fedha haufiki hata theluthi ya mikroni, na mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Rangi za upinde wa mvua hufika mikroni 5, mng'ao wa chuma 50. Utando wa mikroni moja ukitanda kilomita moja ya mraba, hizo ni lita 1,000. Basi lori la lita 36,000 laweza kufunika kilomita 36 za mraba!

Fundi ninayemheshimu hapa ni John Amos, mwanajiolojia wa Shepherdstown, West Virginia, mji wa bara kama Njombe. Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa. Taarifa rasmi za mwanzo zilisema kisima kinavuja mapipa 1,000 kwa siku. Amos akachukua picha za satelaiti, akapima ukubwa wa utando, akazidisha kwa unene mdogo, akagawanya kwa siku zilizopita. Akapata walau mapipa 5,000, huenda 20,000, na hesabu yote akaianika hadharani ili mwenye shaka aikokotoe mwenyewe. Baadaye wanasayansi wa serikali walikadiria kuwa siku za mwanzo yalitoka mapipa 62,000 kwa siku. Ile "walau" yake ilikuwa imepimwa: satelaiti huona kilicho juu ya maji, si kilichobaki vilindini.

Na picha yenyewe haisomwi kwa pupa. Kwenye picha za rada ya satelaiti mafuta huonekana doa jeusi, maana utando hulaza viwimbi. Lakini bahari isiyo na upepo nayo ni nyeusi vilevile. Kwa hiyo msomaji stadi hutafuta kwanza upepo wa saa ile. Akikuta ulikuwa umelala, huliweka doa kando na kungoja satelaiti ipite tena.