Ritifaa Moja Inavyoangusha Ukurasa wa Kutafuta
Bugarama, bonde la mpunga na saruji lililo jirani na Kongo na Burundi, liko Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kwa Kinyarwanda mkoa huo huandikwa Intara y'Iburengerazuba. Anayetengeneza huko programu ya kutafuta wakulima kwa mkoa atakutana na ritifaa hiyo mapema. Kama programu yake hubandika maneno ya mtumiaji ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, basi hifadhidata itadhani thamani imeishia kwenye "y", na kilichobaki itakisoma kama amri. Ukurasa utaanguka.

Wengi hurudufu ritifaa, wakaona yamekwisha. Hayajaisha. Nafasi ya namba haina ritifaa ya kulinda: anayeandika 5 OR 1=1 badala ya namba ya mkulima hupewa orodha nzima.

Dawa ni kutenganisha amri na thamani. Programu hutuma kwanza amri yenye alama ya kuuliza mahali pa kila thamani, seva huichambua, thamani hufuata baadaye na haziwezi tena kubadili muundo wake.

Ugumu uko kwenye amri zinazoundwa papo hapo: huyu kachagua mkoa tu, yule mkoa, zao na mwaka. Hapa hata wazoefu hurudia kubandika, na sioni kisingizio. Weka orodha mbili. Ya kwanza ibebe masharti uliyoyaandika mwenyewe, kama mkoa = ?, na ya pili thamani zake kwa mpangilio uleule. Mwishoni unganisha masharti kwa AND.

Jina la safu ya kupangia matokeo ndilo linalosumbua, maana haliwezi kupitishwa kama thamani. Programu ilinganishe ombi na orodha yake ya majina yanayoruhusiwa, na lisilokuwemo ilikatae. Akaunti ya hifadhidata inayotumika kutafuta nayo ipewe ruhusa ya kusoma tu.

Mbinu ya kudukua kwa kupenyeza amri za SQL ilielezwa hadharani tangu 1998. Hata hivyo, mwaka 2015 TalkTalk, kampuni ya simu ya Uingereza, ilidukuliwa hivyo kupitia kurasa ilizorithi iliponunua shughuli za Tiscali za Uingereza. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya pauni 400,000. Rwanda nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2021. Basi fungua msimbo wako wa zamani, anza na ukurasa wa kutafuta.