Mhandisi wa Kandanda: Ufundi wa Valeriy Lobanovskyi

Valeriy Lobanovskyi alizaliwa Kyiv tarehe 6 Januari 1939, na kabla hajawa kocha alijulikana kwa kona. Alikuwa winga wa kushoto wa Dynamo Kyiv, mrefu, mwenye nywele nyekundu. Akichonga kona, mpira uliweza kupinda angani na kutumbukia wavuni bila kuguswa na mtu mwingine yeyote. Watazamaji waliita jambo hilo kipaji. Yeye aliliona kuwa kazi: mazoezi yakiisha alibaki uwanjani akirudia, akitafuta ni wapi hasa aupige mpira, kwa kasi gani, na uzunguke kiasi gani njiani. Wakati huohuo alikuwa akisomea uhandisi wa mifumo ya joto katika Chuo cha Ufundi cha Kyiv, masomo aliyoyamalizia Odesa, wala hakuona sababu ya kuiacha hesabu mlangoni anapovaa daluga.

Mwaka 1961 Dynamo ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Moscow kutwaa ubingwa wa Muungano wa Kisovieti, naye akiwa kikosini. Jiji lilisherehekea. Inasimuliwa kwamba yeye hakuona la kujivunia sana, kwa kuwa timu ilicheza vibaya mara kadhaa na ikanusurika kwa sababu wengine walicheza vibaya zaidi. Miaka mitatu baadaye alikuja kocha Viktor Maslov, mtu aliyetaka kila mchezaji akabe na aliyewapunguzia mawinga nafasi. Lobanovskyi hakumwelewa, Maslov naye hakumhitaji. Akahamia Chornomorets ya Odesa, kisha Shakhtar ya Donetsk, na mwaka 1968 akatundika daluga akiwa na umri wa miaka 29. Timu ya taifa aliichezea mara mbili tu. Dynamo aliyoiacha ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo chini ya Maslov, kuanzia 1966 hadi 1968.

Hapo ndipo penye kiini cha ufundi wake. Makocha wengi hutengeneza timu zinazofanana na namna walivyocheza wenyewe. Lobanovskyi alijenga timu ambazo Maslov angezitambua mara moja, na ambazo yule kijana wa kona angepata taabu kupata namba. Kuikubali hoja ya mtu aliyekufukuza, kisha kuiendeleza kuliko alivyoifikisha yeye, ni jambo linalotaka akili isiyo na kinyongo.

Kazi ya ukocha aliianzia Dnipro ya Dnipropetrovsk, timu ya daraja la pili aliyoipandisha ligi kuu mwaka 1971. Katika mji huo alikutana na Anatoliy Zelentsov, mwanasayansi wa michezo, na ushirikiano wao ulidumu maisha yote. Mwishoni mwa 1973 alirudi Dynamo, mwanzoni akisaidiana na rafiki yake Oleh Bazylevych. Majukumu yaligawanywa kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida enzi hizo: Zelentsov alishughulikia utimamu wa mwili na vipimo, wengine walikusanya takwimu, naye Lobanovskyi akaunda mfumo wa uchezaji. Baada ya kila mechi, jedwali lilibandikwa ukutani likionyesha kila mchezaji amefanya nini: pasi, mipira aliyonyang'anya, mbio alizokwenda. Mchezaji hakuhitaji kusubiri gazeti limwambie kama alicheza vizuri. Leo klabu yoyote kubwa hufanya hivyo kwa kamera na vifaa vinavyovaliwa mgongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kazi ya kalamu na macho.

Fikra iliyokuwa nyuma ya majedwali hayo ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Mechi, alisema, ni mifumo miwili midogo ya watu kumi na mmoja inayopambana ndani ya eneo lenye mipaka, chini ya sheria maalumu; na nguvu ya mfumo si jumla ya nguvu za watu wake, bali hutokana na namna wanavyounganika. Kwa hiyo mafunzo hayalengi kumfanya mchezaji awe bora peke yake. Yanalenga kumfanya ajue, kabla mpira haujafika, mwenzake atakuwa wapi. Beki alipaswa kuweza kushambulia na mshambuliaji kukaba, ili mmoja akiondoka nafasi yake isibaki wazi.

Namna ya kukaba ndiyo iliyopata ustadi mkubwa zaidi. Lobanovskyi alitofautisha namna tatu. Ya kwanza ni kukabia juu, timu nzima ikiwafuata wapinzani ndani ya nusu yao. Ya pili ni kuwasubiri wavuke mstari wa kati ndipo wabanwe. Ya tatu ni ya hila: mchezaji mmoja anamvamia mwenye mpira kwa kishindo huku wenzake wakibaki katika nafasi zao wakipumua, na mpinzani, aliyekwisha kuonja namna ya kwanza, anadhani amezingirwa na kuupoteza mpira kwa haraka zake mwenyewe. Hakuna timu inayoweza kukimbia dakika tisini bila kupumzika. Ufundi ulikuwa kupumzika bila mpinzani kujua. Katika miaka ya 1980 Dynamo ilikwenda kambini Ujerumani Magharibi wakati wa baridi na kucheza mechi ya kirafiki na timu ndogo ya Viktoria Backnang. Kocha-mchezaji wa timu hiyo, Ralf Rangnick, ameeleza mara nyingi kwamba mpira ulipotoka nje alisimama kuwahesabu wapinzani, akishuku kuwa wamezidi kumi na mmoja. Rangnick alikuja kuwa mmoja wa walimu wakuu wa kukabia juu nchini Ujerumani.

Matunda yalikuja haraka. Dynamo ilitwaa ligi mwaka 1974 na 1975, na tarehe 14 Mei 1975, mjini Basel, iliifunga Ferencváros ya Hungaria mabao 3-0 katika fainali ya Kombe la Washindi Barani Ulaya. Miezi michache baadaye iliishinda Bayern Munich nyumbani na ugenini katika Kombe la Ubora la Ulaya, mabao yote matatu yakifungwa na Oleh Blokhin, aliyepata Ballon d'Or mwaka huo. Watetezi wa mfumo huwa hawapendi kulikumbuka hili la mwisho. Jedwali liliweza kumweka Blokhin mahali sahihi kwa wakati sahihi. Mbio zake lilizikuta tayari.

Mwaka 1976 mfumo uliugua. Wachezaji wa Dynamo ndio waliokuwa timu ya taifa pia, na mazoezi mazito yaliwachosha: walitolewa na Saint-Étienne katika Kombe la Ulaya, na Chekoslovakia katika mashindano ya mataifa ya Ulaya, kisha wakaambulia shaba katika Olimpiki ya Montreal. Walirudi wakagoma. Bazylevych aliondoka, Lobanovskyi akabaki, na mzigo wa mazoezi ukapimwa upya. Lawama nyingine zilimfuata kwa haki zaidi: hesabu yake ya ligi ilikuwa kushinda nyumbani na kutafuta sare ugenini, na mtu aliyelipa kiingilio kuangalia Dynamo ikiwa ugenini mara nyingi alirudi na miayo.

Dynamo iliyokuwa nzuri kuliko zote ni ya 1986. Tarehe 2 Mei, siku chache baada ya mlipuko wa Chernobyl, ambao hauko mbali na Kyiv, iliikabili Atlético Madrid mjini Lyon katika fainali ya Kombe la Washindi na kushinda 3-0. Bao la pili linatosha kueleza somo zima. Vasyl Rats alikuja na mpira upande wa kushoto, akampasia Ihor Belanov. Belanov akausogeza kulia bila kutazama, Vadym Yevtushenko akaupitisha tena nje kulia, na Blokhin akawasili akiwa peke yake na kuuinua juu ya kipa. Ulinzi wa Atlético ulivutwa pasi baada ya pasi hadi ukakosa mtu wa kuziba. Pasi ile isiyotazamwa ilirudiwa mazoezini mara nyingi mno kiasi kwamba haikuwa na bahati ndani yake. Mwaka huo Ballon d'Or ilikwenda kwa Belanov.

Akiwa pia kocha wa timu ya taifa ya Muungano wa Kisovieti, iliyojaa wachezaji wa Dynamo, aliifunga Hungaria 6-0 katika Kombe la Dunia la 1986 nchini Meksiko, kisha akatolewa na Ubelgiji 4-3 katika muda wa nyongeza, licha ya Belanov kufunga mabao matatu. Miaka miwili baadaye aliifikisha fainali ya Ulaya. Ushindi wa 2-0 dhidi ya Italia katika nusu fainali ulikuwa kilele cha kukabia juu, lakini beki Oleh Kuznetsov alipata kadi iliyomkosesha fainali, na Uholanzi ya Gullit na Van Basten ikashinda 2-0 huku Belanov akikosa penalti.

Baada ya Kombe la Dunia la 1990, ambako timu ilitoka hatua ya makundi, alikwenda Ghuba kufundisha timu za taifa za Falme za Kiarabu na Kuwait. Aliporudi Dynamo mwaka 1997, Muungano wa Kisovieti haukuwapo na wengi walidhani mbinu zake zimekufa nao. Mwaka huohuo Dynamo iliifunga Barcelona 3-0 Kyiv na 4-0 Camp Nou, Andriy Shevchenko akifunga matatu kabla ya mapumziko. Msimu wa 1998/99 iliitoa Real Madrid na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ambako iliongoza 3-1 dhidi ya Bayern mjini Kyiv, ikaruhusu sare ya 3-3 na kufungwa 1-0 Munich.

Baada ya hapo soko lilishinda. Mfumo wake ulihitaji watu wakae pamoja miaka mingi, na sasa Shevchenko aliuzwa AC Milan mwaka 1999, Serhiy Rebrov akaenda Tottenham mwaka uliofuata. Ubingwa wa Ukraine uliendelea kuja, mara tano mfululizo hadi 2001, juu ya ule wa Kisovieti alioutwaa mara nane. Lakini kilele kile cha Ulaya hakikufikiwa tena. Tarehe 7 Mei 2002, timu yake ikicheza Zaporizhzhia, alipata kiharusi, na akafariki siku sita baadaye.

Wanafunzi wake wengi wakawa makocha. Blokhin aliifikisha Ukraine robo fainali ya Kombe la Dunia la 2006, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kushiriki. Shevchenko aliifikisha robo fainali ya Ulaya mwaka 2021, na Rebrov aliirudishia Dynamo ubingwa mwaka 2015 na 2016.