Hewa Kidogo, Kisha Mfuniko

Majani ya mkonge yakipita kwenye korona, mashine ya kuyakamua, singa inayopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni rojo la kijani, maji na nyuzi fupi zisizofaa kamba. Katika mashamba ya Korogwe na Handeni uchafu huo ulizoeleka kumwagwa tu, ukaoza na kunuka. Kumbe umejaa sukari, ila ni sukari iliyofungwa: minyororo ya selulosi na hemiselulosi imebanana, na lignini imeigandia pande zote.

Ninachokistahi ni ufundi wa kuifungua sukari hiyo. Viwanda vingi duniani hutumia mvuke mkali na asidi ya salfuriki. Kazi huisha haraka, lakini asidi hula vyuma, hudai chokaa ya kuizimua, na joto likizidi, sehemu ya sukari hugeuka furfurali, ambayo ni sumu kwa hamira ya kuichachusha.

Anthony Mshandete, Amelia Kivaisi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wataalamu wa Lund, Sweden, walipita njia ya upole. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, rojo la mkonge lilichanganywa na tope lenye vijidudu hai, likapewa hewa kwa muda wa saa 9, ndipo likafungiwa pasipo hewa. Gesi ya methani iliyotoka iliongezeka kwa asilimia 26.

Muda huo wa saa 9 ndio unaonivutia kuliko gesi yenyewe. Vijidudu vinavyopumua hewa hutoa vimeng'enya vinavyokatakata minyororo ile. Hewa ikiwa haba, minyororo haikatiki vya kutosha. Ikizidi, vijidudu hivyohivyo huanza kuila sukari viliyoifungua, na bakteria wa gesi hukuta chungu kitupu. Fundi hana budi kusimamisha kazi ingali inanoga. Wanawake wa Unguja wanaofukia makumbi ya nazi ufukweni ili wapate usumba wanaujua vizuri uamuzi huo, ingawa wao huhesabu miezi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya nyuzi fupi: zilipokatwa hadi milimita 2, methani ilipanda kwa asilimia 23. Baadaye watafiti wakajaribu kuvu, ikiwemo Trichoderma reesei, aina iliyopatikana visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikitafuna mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Hamu ileile ya pamba ndiyo iliyoifanya ifae kwa mkonge.

Pale Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani kwa msaada wa UNIDO ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Mabua ya mahindi ya Handeni nayo yana selulosi ileile, lakini ni makavu na hayana utomvu wa mkonge. Anayetaka kuyafungua itabidi aanze kupima upya, saa kwa saa.