Urefu wa Kazi katika Riwaya ya Kuli: Maoni kutoka Ufipa

Fasihi yetu imeisifu kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyoichunguza. Methali yasema kuwa mchumia juani hulia kivulini, nasi twaikubali bila kuuliza jua hilo ni la saa ngapi, wala kivuli ni cha nani. Adam Shafi aliuliza katika Kuli, riwaya iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni kuwa uchovu haukomei bandarini. Majaliwa ni kuli. Mwanawe Rashidi naye huwa kuli. Basi urefu wa kazi haupimwi kwa saa tu, bali kwa vizazi, kwa kuwa mzazi anayemalizwa na kazi hana la kumrithisha mtoto ila kazi ile ile. Hapa mwandishi ameona mbali. Upungufu wake ni kwamba kadiri hadithi inavyouelekea mgomo, ndivyo uchovu unavyogeuka hoja ya mkutano, ukaacha kuwa hali ya mtu.

Kikisomwa Sumbawanga, kitabu hiki huzusha swali jingine. Wayeyusha chuma wa Ufipa walijenga malungu, yaani matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Moto uliwaka usiku na mchana, na waliohusika walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Hiyo nayo ilikuwa kazi ndefu. Tofauti yake na ya kuli ni kwamba myeyushaji alikesha kwa ajili ya moto alioujua desturi yake, na majembe yaliyopatikana yalilima mashamba ya jirani zake. Kuli huharakishwa na meli isiyo yake, kwa shehena isiyo yake.

Je, yatosha kusema kuwa mtu akiimiliki kazi yake haidhuru kuwa ndefu? Haitoshi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye saa 35 hadi 40. Mwili hauulizi kazi ni ya nani. Lakini malungu yalikuwa na msimu wake, wa kiangazi; mvua zikikaribia moto ulizimwa. Wanaume wa Ufipa waliokwenda mkonge wa Tanga wakati wa ukoloni walikuta kazi isiyojua msimu: kipande cha siku 30, kikiisha kinaanza kingine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mbali na saa za ziada. Sheria huhesabu saa zilizotumika. Riwaya yaweza kutuonyesha zilizobaki: kama mtu alipata kula na watoto wake, kama alikuwa na nguvu ya kumsikiliza mkewe, kama alilala. Kuli imelifungua jambo hili kwa Majaliwa na Rashidi. Atakayeandika juu ya manamba wa Ufipa na aanzie hapo, wala asiuache uchovu wa mtu umezwe na shangwe ya mgomo.